Beringi na breki za matela Pemba: Hesabu ni miezi, si kilomita

Na Mwandishi Wetu, Pemba

TELA la boti likiegeshwa chini ya mwembe kwa miezi sita, mwenyewe huamini kuwa limepumzika. Ndani ya magurudumu yake, hata hivyo, uharibifu haukusimama. Maji ya chumvi yaliyopenya siku ya mwisho ya kupandisha boti yanaendelea kula chuma, grisi inageuka rangi na kuwa nyeupe kama maziwa, na siku tela litakapokokotwa tena barabarani huenda beringi isifike mwisho wa safari.

Beringi ikikwama, gurudumu hugoma au huchomoka. Gurudumu lililochomoka haliulizi njia: huweza kuvuka barabara, kuingia kwenye baraza ya watu au kumfuata mtoto anayerudi skuli, huku tela lenyewe likiburura ekseli kwenye lami. Breki zilizolowa grisi nazo hazimsubiri dereva afike tambarare. Humwangusha palepale kwenye mteremko anapozihitaji zaidi.

Miongozo mingi ya matunzo ya matela iliyopo duniani imeandikwa kwa ajili ya matela ya kusafiria, yaani vijumba vya kukokotwa na gari ambavyo familia za Ulaya na Marekani hulala ndani yake wakati wa likizo. Pemba vijumba hivyo ni nadra. Hata hivyo, beringi na breki zake ni za jamaa moja na zile za matela ya boti, matela ya matrekta, matela madogo ya mizigo na malori ya shamba. Hata gari la ng'ombe linalotembea juu ya ekseli kuukuu ya motokaa lina beringi zinazotaka matunzo yaleyale.

Kinachotofautiana ni mazingira, na hapo ndipo hesabu ya matunzo inapobadilika.

Kisiwa kifupi, chumvi nyingi

Watengenezaji wengi wa ekseli za matela hushauri beringi zifunguliwe, zisafishwe na kutiwa grisi mpya kila baada ya miezi 12 au kilomita zipatazo 19,000, lolote litakalotangulia. Mmiliki wa tela Marekani anaweza kuzimaliza kilomita hizo katika likizo chache ndefu.

Pemba ni kisiwa chenye urefu wa takriban kilomita 67 kutoka kusini hadi kaskazini. Safari ya kutoka bandari ya Mkoani hadi mji wa Chake Chake ni kilomita zipatazo 30 tu. Tela linalotoka nyumbani hadi ufukweni na kurudi, mara moja kwa wiki, linaweza kutumia miaka mingi bila kufikia kilomita 19,000. Mwenye kungoja kilomita zitimie atangoja hadi chuma kiwe vumbi la kutu.

Ndiyo maana katika kisiwa hiki nusu ya pili ya ushauri huo, ile ya miezi, ndiyo yenye uzito. Upepo wa bahari hubeba chumvi. Mvua za masika, baina ya Machi na Mei, na za vuli, baina ya Oktoba na Disemba, huacha madimbwi na matope ambayo magurudumu hupita ndani yake. Pemba, ambayo hupata mvua nyingi kuliko Unguja, ni nchi ya vilima na mabonde yanayofuatana, na kila bonde lina mteremko wa kushukia na mlima wa kupandia. Kila mteremko huzipasha breki moto, na kila dimbwi la chini yake huzipoza ghafla.

Kwa ufupi, chombo kinachotembea kidogo Pemba huweza kuchakaa kuliko kinachotembea sana katika nchi kavu.

Beringi hufanya kazi gani

Beringi ni pete mbili za chuma kigumu zenye gololi au vigogo vidogo vya chuma baina yake. Pete ya ndani hukaa kwenye ncha ya ekseli isiyozunguka. Ya nje hukaa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na huzunguka nalo. Badala ya chuma kusugua chuma, gololi hubiringika, na grisi huweka utando mwembamba baina ya nyuso hizo ili zisigusane moja kwa moja.

Fikra hiyo ni kongwe. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Wales alipata hataza ya kutumia gololi katika ekseli ya gari la kukokotwa na farasi. Mwaka 1898 Henry Timken, aliyekuwa mtengenezaji wa magari ya farasi nchini Marekani, pamoja na Reginald Heinzelman, walipata hataza ya beringi yenye vigogo vilivyochongwa kama pia, vyembamba upande mmoja na vinene upande wa pili. Umbo hilo huiwezesha beringi kubeba uzito wa juu na pia msukumo wa pembeni gari linapokata kona. Ndilo linalotumika hadi leo katika magurudumu ya matela mengi na malori.

Kila gurudumu la tela la kawaida huwa na beringi mbili za aina hiyo: kubwa kwa upande wa ndani na ndogo kwa upande wa nje. Nyuma ya ile ya ndani kuna sili ya mpira inayozuia grisi isitoke na maji yasiingie. Mbele ya ile ya nje kuna nati kubwa, pini inayoizuia nati isijifungue, na kifuniko cha bati kinachozuia vumbi.

Sili ni kifaa cha bei ndogo katika orodha hiyo, lakini ndiyo mlinzi wa vyote. Ikichanika, maji huingia na grisi hutoka. Grisi inayotoka huangukia kwenye breki. Hivyo kosa moja dogo huua beringi na breki kwa pamoja, na ndiyo sababu mafundi huvikagua viwili hivyo kwa wakati mmoja.

Ikumbukwe pia kuwa magari mengi madogo ya kisasa yana beringi zilizofungwa kiwandani pamoja na habu yake. Hizo hazifunguliwi wala hazitiwi grisi; zikianza kulia hubadilishwa nzima. Maelezo yanayofuata yanahusu beringi zinazofunguliwa, ambazo ndizo za matela, malori mengi na ekseli za zamani.

Dalili za hatari

Beringi haifi ghafla kama balbu ya taa. Hutoa taarifa mapema, na anayezijua dalili zake hupata muda wa kutosha wa kulifikisha tela kwa fundi.

Dalili ya kwanza ni joto. Baada ya mwendo wa kawaida bila ya kufunga breki kwa nguvu, habu huwa na uvuguvugu tu. Dereva anaweza kuusogeza mgongo wa mkono karibu na kila habu, kisha kuigusa kwa uangalifu. Habu moja ikiwa moto kiasi cha kutoshikika ilhali ya upande wa pili ina uvuguvugu, hapo pana tatizo la beringi au la breki inayoburura.

Dalili ya pili ni sauti. Beringi kavu hunguruma au husaga, na sauti hiyo huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Ya tatu ni mchezo: gurudumu likiwa juu ya jeki na kushikwa juu na chini, kisha likatikiswa, halitakiwi kugongagonga. Ya nne huonekana kwa macho, nayo ni michirizi ya grisi kwenye rimu au upande wa ndani wa tairi, ishara kwamba sili imepasuka.

Kwa gari la ng'ombe, dalili ya tano hutolewa na mnyama mwenyewe. Mzigo uleule unapomlemea kuliko jana katika njia ileile, kabla ya kumlaumu ng'ombe inafaa kuligeuza gurudumu kwa mkono na kuona kama linazunguka kwa wepesi.

Hatua za kusafisha na kutia grisi

Kazi hufanywa mahali tambarare na pagumu. Magurudumu yanayobaki chini huwekewa vigingi mbele na nyuma, na nati za gurudumu linalofunguliwa hulegezwa kidogo kabla ya kupandisha jeki. Tela likishapanda, huwekewa stendi au gogo imara chini ya ekseli. Jeki peke yake haitegemewi. Mtu anayeingiza mkono au kichwa chini ya chombo kilichoshikwa na jeki tu anauweka uhai wake juu ya sili nyingine ndogo, ile iliyo ndani ya jeki.

Gurudumu likitolewa, fundi huondoa kifuniko, hunyoosha na kuchomoa pini, hufungua nati na kuvuta habu kwa uangalifu ili beringi ya nje isianguke mchangani. Sili ya zamani hung'olewa na kutupwa. Haistahili kurudishwa hata ikionekana nzima, kwa sababu mpira ukishang'olewa hupoteza umbo lake.

Beringi huoshwa kwa mafuta ya taa mpaka grisi yote ya zamani iishe, mbali na moto na sigara. Petroli haifai kwa kazi hii, kwani mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo. Baada ya kuoshwa, beringi huachwa ikauke juu ya kitambaa safi. Kuizungusha kwa upepo wa kompresa, kama baadhi ya vijana wa gereji wafanyavyo kwa kupenda mlio wake, ni hatari: vigogo huweza kuchomoka na kuruka kwa kasi ya risasi.

Ikishakauka, hukaguliwa kwenye mwanga wa jua. Chuma kizima hung'aa na ni laini. Rangi ya buluu au ya kahawia iliyokolea huonyesha kuwa beringi iliwahi kuungua. Vishimo, mikwaruzo, madoa ya kutu au kigogo kilichomeguka humaanisha kuwa imekwisha. Kutu haisuguliwi kwa msasa ili beringi irudishwe. Uso uliosuguliwa hauna tena usawa wake. Pete ya nje iliyobaki ndani ya habu hukaguliwa vivyo hivyo, na beringi ikibadilishwa, pete hiyo hubadilishwa pamoja nayo. Kuweka beringi mpya juu ya pete ya zamani ni sawa na kutia maji safi katika mtungi mchafu.

Kinachofuata ni kutia grisi, kazi ambayo hufanywa vibaya mara nyingi kuliko zote. Kupaka grisi kwa nje hakutoshi. Fundi huweka donge la grisi katika kiganja, kisha huigonga beringi kwenye ukingo wa donge hilo kwa upande wake mpana mpaka grisi ichomoze upande wa pili, baina ya vigogo. Huigeuza kidogo na kurudia hadi amalize mzunguko wote.

Beringi ya ndani hurudishwa kwanza, sili mpya hugongwa taratibu na kwa usawa, kisha habu huvalishwa ekseli na beringi ya nje kufuata. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa, ili vigogo vikae mahali pake. Baada ya hapo hulegezwa, na kurudishwa kwa nguvu ya vidole tu mpaka tundu la pini likutane na nafasi yake. Anayeikaza nati hiyo kwa nguvu zake zote akidhani anaongeza usalama, anaiua beringi siku ileile: itapata moto, grisi itayeyuka na chuma kitashikana. Pini hutumiwa mpya, na miguu yake hukunjwa vizuri.

Mwisho, nati za gurudumu hukazwa kwa kuruka, yaani moja kisha ile inayoikabili, na si kwa kufuatana kwa mduara. Hukaguliwa tena baada ya safari ya kwanza ya kilomita 50 hadi 100. Kwa Pemba, safari moja ya kwenda na kurudi baina ya Mkoani na Chake Chake inatosha kuwa kipimo hicho.

Grisi ya aina gani

Kopo la grisi la bei nafuu lenye maandishi ya kupaka chasisi halikukusudiwa kwa beringi za magurudumu, hasa zilizo karibu na breki ambazo hupata moto. Inayotakiwa ni grisi iliyoandikwa kuwa ni ya beringi za magurudumu na yenye uzito wa namba 2 katika kipimo cha kimataifa cha NLGI. Kwa matela yanayoingia majini, grisi inayostahimili maji ya chumvi, iliyoandikwa kuwa ni ya vyombo vya baharini, ndiyo inayofaa.

Grisi za aina mbili hazichanganywi. Baadhi zikikutana hulainika na kuwa kama mafuta mepesi, zikachuruzika nje. Ndiyo maana grisi ya zamani huoshwa yote kabla ya mpya kutiwa, badala ya kuongezewa juu yake.

Breki za tela

Katika nchi nyingi za Ulaya, tela lenye uzito wa jumla usiozidi kilo 750 huruhusiwa kutokuwa na breki zake. Zaidi ya hapo, gari linalokokota haliwezi kuachiwa kazi yote peke yake, kwa kuwa mzigo wa nyuma huliongezea urefu wa kusimama na huweza kulisukuma likae mshazari barabarani.

Breki za matela ziko za namna mbili kuu. Katika namna ya kwanza, gari likipunguza mwendo, tela hujisukuma mbele kwenye kiungo cha kukokotea, na msukumo huo ndio unaofunga breki kwa njia ya waya au ya mafuta. Katika namna ya pili, sumaku za umeme zilizo ndani ya dramu huvuta na kuvisukuma viatu vya breki. Hizi hutumika sana katika matela ya kusafiria ya Marekani. Kwa tela linaloingia baharini, namna ya kwanza ndiyo inayofaa, kwani umeme na maji ya chumvi havipatani.

Wakati habu imefunguliwa kwa ajili ya beringi, breki huwa wazi mbele ya macho ya fundi, na huo ndio wasaa wa kuzikagua. Unene wa utando wa viatu vya breki ukishapungua na kufikia milimita 1.6 katika breki nyingi za matela, viatu hivyo hubadilishwa. Hubadilishwa kwa pande zote mbili za ekseli, kwa sababu breki yenye nguvu upande mmoja tu hulivuta tela pembeni.

Viatu vilivyolowa grisi havioshwi na kurudishwa. Utando wake hunyonya mafuta kama sifongo, na kila ukipata moto huyatoa tena. Dramu nayo hukaguliwa kama ina nyufa, mifereji au madoa ya buluu. Springi zilizolegea au kuliwa na kutu hubadilishwa, na silinda ndogo ya gurudumu hutazamwa kama inavuja.

Vumbi lililomo ndani ya dramu halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa. Viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu na ambayo Umoja wa Ulaya ulikamilisha kuyapiga marufuku mwaka 2005. Fundi hawezi kujua kwa kutazama kama kiatu kina asbesto au la, hivyo vumbi lote hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji na kitambaa hicho kutupwa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu

Kwa breki zinazotumia mafuta, hewa ya Pemba ni adui asiyeonekana. Mafuta ya breki ya kawaida, ya daraja la DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu kutoka hewani. Mafuta mapya ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kipimo chake hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4, vipimo hivyo ni 230 na 155.

Maana yake ni kwamba, katika miteremko mirefu, mafuta ya zamani huweza kuchemka ndani ya bomba. Yakichemka hufanya mapovu, na mapovu hubonyea. Dereva hukanyaga breki, nayo ikazama mpaka sakafuni bila ya gari kusimama. Ndiyo sababu inashauriwa mafuta yote yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na chupa iliyokwisha funguliwa isiwekwe muda mrefu ikangoja kazi nyingine.

Dereva naye ana sehemu yake. Kushuka kilima kwa gia ndogo huiachia injini kazi ya kupunguza mwendo, na breki hubaki na nguvu kwa dharura. Kinyume chake, mazoea ya baadhi ya madereva wa Afrika Mashariki ya kuzima injini au kuachia gia huru mteremkoni ili kuokoa mafuta, huzitwisha breki mzigo wote. Injini ikiwa imezimwa, msaada unaolainisha ukanyagaji wa breki nao hutoweka baada ya kukanyaga mara chache.

Tela linaloingia baharini

Tela la boti lina maradhi yake ya pekee, na chanzo chake si kukaa majini bali ni kuingia majini likiwa bado na moto. Baada ya safari, habu huwa na joto na hewa iliyomo ndani yake imetanuka. Likitumbukizwa mara moja katika maji ya bahari, hewa hiyo hupoa na kujikunja ghafla, na nafasi inayobaki huyavuta maji kupitia kwenye sili. Habu hunywa bahari kwa mkupuo mmoja.

Dawa yake haina gharama: ni subira. Tela likifika ufukweni huachwa robo saa au zaidi mpaka habu zipoe, ndipo lishushwe majini. Boti ikishapandishwa na tela kurudi nyumbani, magurudumu, breki na springi huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Baadhi ya matela huwekewa vifuniko maalumu vyenye springi, vinavyoisukuma grisi ndani ya habu ili maji yasipate nafasi. Vifuniko hivyo husaidia, lakini haviondoi haja ya kuifungua habu na kuikagua.

Tela linalotumika majini kila wiki linastahili kufunguliwa mara mbili kwa mwaka. Grisi ikionekana nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia, na kazi ya kusafisha haingoji mwezi mwingine.

Beringi hununuliwa kwa namba

Vipuri vingi vya magari hufika Pemba kwa vyombo vya baharini, na kosa la kipimo humgharimu mmiliki siku kadhaa za kungoja. Namba iliyochongwa kwenye ukingo wa beringi humwondolea shaka hiyo, kwani ni lugha moja dunia nzima.

Katika beringi nyingi za vipimo vya metriki, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, huzidishwa kwa tano kupata upana wa tundu kwa milimita. Beringi ya gololi namba 6205 ina tundu la milimita 25, na ya vigogo namba 30205 ina tundu la milimita 25 pia, ijapokuwa umbo lake ni jingine. Beringi za matela mengi ya Marekani hufuata vipimo vya inchi na huwa na herufi mbele ya namba, kama L au LM. Hizo haziingii katika hesabu hiyo na huagizwa kwa kutaja namba yote ya beringi na ya pete yake ya nje.

Mwenye tela afanye hima kuziandika namba hizo, pamoja na ya sili, siku habu inapofunguliwa kwa mara ya kwanza. Seti moja ya akiba, yaani beringi mbili, sili, pini na kopo dogo la grisi, ikiwekwa nyumbani ndani ya mfuko usiopitisha unyevu, huokoa safari nzima.

Grisi chafu na mafuta ya taa yaliyooshea beringi hayamwagwi mtaroni wala ufukweni. Mitaro ya miji ya Pemba huishia baharini, na hori zenye mikoko ndizo mazalio ya samaki. Uchafu huo hukusanywa katika dumu na kupelekwa kwenye gereji inayokusanya oili chafu.

Kalenda ya mwaka

Kwa mazingira ya Pemba, ratiba iliyo nyepesi kukumbuka ni ile inayofuata misimu. Juni, masika yakiwa yamekwisha na kabla ya msimu wa karafuu kushika kasi katika nusu ya pili ya mwaka, ni wakati wa kufungua habu zote, kubadilisha sili, kutia grisi na kupima viatu vya breki. Chombo kitakachobeba magunia na wachumaji kwenye njia za mashamba kinaingia msimu kikiwa kizima.

Januari au Februari, kabla ya masika kuanza, tela la baharini hufunguliwa kwa mara ya pili, na mengine hupimwa kwa jeki: mchezo wa gurudumu, sauti, na michirizi ya grisi. Kila mwezi nati za magurudumu hukazwa na upepo wa matairi hupimwa. Kila safari huanza kwa kukagua kiungo cha kukokotea na minyororo yake ya usalama, na humalizika kwa kugusa habu.

Kazi ya kufungua magurudumu mawili humchukua fundi mzoefu nusu siku, na vifaa vinavyotumika ni sili mbili, pini mbili na grisi. Gharama hiyo haifanani na ya ekseli iliyokatika ncha, boti iliyoanguka barabarani au mguu wa mpita njia. Mwenye tela anayengoja kulisikia gurudumu likilia ndipo alifungue, ajue kuwa limekuwa likimwita kwa miezi mingi.